Niliunda apu ya chama cha bodaboda, nikakaribia kumharibia mama wa watu jina

MKUTANO ulikuwa wa Jumapili saa nane mchana, nyuma ya kioski cha chapati kwenye steji moja ya bodaboda mtaani Eastlands, Nairobi. Chama kina wanachama 140 na siku hiyo karibu wote walikuwa wamefika, jambo ambalo kwa kawaida hutokea tu wakati wa kugawana pesa za Krismasi. Mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda, laptopu mapajani, jasho likinitiririka mgongoni.

"Mathe, mimi nimelipa. SMS ya M-Pesa hii hapa. Hii apu inasema nina deni la siku saba. Sasa tuambie, pesa yangu iko wapi?"

Aliyeulizwa ni mweka hazina, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza chapati madondo hapo steji. Kwa miaka sita alikuwa ameshika pesa za chama kwa daftari na kalamu, na hakuna siku hata shilingi moja ilipotea. Vijana wale wale aliowapa chai ya mkopo siku ambazo kazi ilikuwa mbaya sasa walikuwa wanamwangalia kama mwizi. Msee mmoja kule nyuma akatupa neno: "Si mlisikia ameanza kujenga ushago?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, hebu waelezee."

Nilijua pesa ziko wapi. Nilikuwa nimejua kwa siku nne, na sikuwa nimemwambia mtu.

Wiki haipiti bila kijana kuniandikia akiniuliza aanze na lugha gani ya programu, Python ama JavaScript, na itamchukua miezi mingapi kuomoka. Ni swali zuri na huwa nalijibu. Lakini kazi iliyonifunza mengi kuliko kozi zote nilizolipia ni hii ya steji, na kilichoiharibu karibu hakihusiani kabisa na lugha niliyotumia.

WIKI TATU ZILIZOGEUKA MIEZI MINNE

Mwaka 2022 nilikuwa nimemaliza kozi, nina laptopu ya mtumba na tovuti tatu nilizowatengenezea jamaa zangu bure. Mwenyekiti wa chama, mzee mcheshi anayependa kofia za kaubói, alinipata kupitia kwa binamu yangu ambaye huendesha boda hapo. Alitaka kitu kimoja: kila mwanachama alipe mchango wake wa shilingi 100 kwa siku kupitia Paybill, halafu aweze kuona kwa simu yake amelipa ngapi na anadaiwa ngapi.

"Itakuchukua muda gani, kijana yangu?"

"Wiki tatu, mzee," nikajibu bila kupepesa macho. "Shilingi elfu sitini."

Hizo wiki tatu nilizitoa wapi? Kwenye njaa. Nilihofia nikisema miezi miwili angeenda kutafuta mtu mwingine. Na hata pale nilipojaribu kupiga hesabu kichwani, nilihesabu siku za kuandika programu peke yake. Sikuhesabu siku za kufuatilia Paybill ya kikundi, ambayo ilitaka cheti cha usajili, kumbukumbu za mkutano na sahihi za maafisa, mmoja wao akiwa ameenda Busia kuzika. Sikuhesabu kunakili majina 140 na salio zao kutoka kwa daftari lenye madoa ya mafuta ya chapati. Sikuhesabu stima kupotea, wala mazoezi ya kuwaonyesha watu mahali pa kubonyeza. Nikitazama nyuma, kuandika programu kwenyewe kulikula labda theluthi moja ya muda wote.

Siku hizi nikiulizwa muda, sijibu papo hapo. Narudi nyumbani nachukua karatasi, naikatakata kazi hadi kila kipande kiwe cha siku mbili ama chini ya hapo. Kipande kinachokataa kukatika huwa kinaniambia kwamba bado sijakielewa, kwa hivyo narudi kwa mteja na maswali. Kisha napiga mstari mwekundu chini ya kila kipande kinachomtegemea mtu mwingine: benki, kampuni ya simu, katibu aliyesafiri. Hiyo mistari myekundu ndiyo hula kalenda. Mwishowe simpi mteja tarehe moja, nampa masafa. "Kati ya wiki sita na tisa, na nikimaliza sehemu ya kwanza nitakupa jibu la karibu zaidi." Wateja wengine hukunja uso. Wachache hukimbia. Wanaobaki huwa hawanipigii simu saa tano usiku.

Halafu kuna lile neno. Kenya tunalijua "kitu kidogo" kwa maana nyingine kabisa, lakini kwenye kazi ya programu nalo linaumiza vivyo hivyo. Wiki ya pili mwenyekiti alinipigia: "Kuna kitu kidogo tu. Ongeza mahali pa michango ya matanga." Nikasema sawa. Wiki ya nne, kitu kidogo tu, ramani ya kuonyesha boda iko wapi. Sawa mzee. Wiki ya saba, mahali pa wanachama kupiga gumzo, ilhali tayari walikuwa na kundi la WhatsApp ambalo halikuwa likilala. Sawa. Nilidhani kusema ndiyo ni heshima. Kumbe kila ndiyo ilikuwa inaisukuma mbele ile kazi ya kwanza, ya mchango wa shilingi 100, ambayo ndiyo pekee waliyoihitaji.

Hebu tazama M-Pesa yenyewe ilivyozaliwa. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na watumiaji wasiofika 500, kwa ushirikiano na shirika la mikopo midogo la Faulu. Nia ilikuwa watu wapokee mikopo na kuilipa kwa simu. Waliokuwa wakiusimamia mradi, akiwemo Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliona watu wakiutumia kwa mambo yao wenyewe. Huyu anamtumia mwenzake pesa, yule anaziweka kabla ya safari na kuzitoa akifika. Ule upande wa mikopo nao ulikuwa na kibarua kigumu cha kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya shirika. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, iliuzwa kwa jambo moja tu: kutuma pesa nyumbani. Mikopo haikutupwa, iliwekwa kando. M-Shwari ilikuja mwishoni mwa 2012, Fuliza ikafuata 2019. Kampuni yenye misuli ya namna hiyo ilianza na kitu kimoja. Mimi na laptopu yangu ya mtumba nilikuwa naunda vitano kwa mpigo.

MABESHTE WAWILI WA KUSAIDIA

Mwezi wa pili ulipokatika bila apu, niliwaita mabeshte wawili kutoka kozi. Nikawaahidi elfu kumi kila mmoja. Nilifikiri watatu tutaimaliza mara tatu haraka.

Beshte wa kwanza alihitaji wiki nzima kuelewa nilichoandika, na wiki hiyo nzima mimi sikuandika kitu, nilikuwa mwalimu. Wa pili alikuwa mkali ajabu, anaandika hadi alfajiri, lakini alihifadhi tarehe kwa mpangilio wake na mimi wangu, kwa hivyo kuna malipo ya tarehe 3 mwezi wa tano ambayo mfumo uliyasoma kuwa ya tarehe 5 mwezi wa tatu. Tulitumia siku nne kufukuza kosa hilo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba balaa hili lina historia ndefu. Mmarekani Fred Brooks aliongoza kazi ya mfumo endeshi wa IBM uitwao OS/360 katika miaka ya sitini, mradi uliochelewa licha ya kumwagiwa watu. Mwaka 1975 akatoa kitabu, The Mythical Man-Month, na hoja yake inayojulikana zaidi ni kwamba mradi wa programu uliochelewa ukiuongezea watu, unachelewa zaidi. Sababu ni hesabu ya shule ya msingi. Watu wawili wana njia moja ya kuelewana. Wanne wana njia sita. Kumi wana 45. Kila njia ni mahali ambapo mmoja anaweza kudhani mwenzake amesema ama amefanya.

Hatimaye tulizindua baada ya miezi minne. Nikitoa elfu ishirini za mabeshte, nilibaki na elfu arobaini kwa wiki kumi na sita, yaani shilingi 2,500 kwa wiki, kabla ya bando na nauli. Mwenye boda hapo steji alikuwa ananiacha kwa mbali, na yeye hakuwa akijiita mtaalamu wa teknolojia.

HERUFI O NA SIFURI

Kosa lenyewe lilikuwa dogo hadi linaudhi. Mwanachama akilipa kwa Paybill, sehemu ya nambari ya akaunti aliandika nambari ya usajili wa pikipiki yake. M-Pesa ilituma taarifa ya malipo kwa seva yangu, na programu yangu ikatafuta nambari hiyo kwenye orodha. Ikiipata, mchango unaandikwa. Isipoipata, niliiambia programu itupilie mbali taarifa hiyo na kuacha mstari mmoja kwenye kumbukumbu za seva, ambazo hakuna aliyekuwa akizisoma.

Kwenye laptopu yangu ilifanya kazi bila tatizo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikichapa nambari, polepole, nimekaa kwa meza. Sikuwahi kwenda steji kumtazama mwendeshaji akilipa. Mwendeshaji hulipa akiwa juu ya pikipiki, glavu moja imevuliwa, nyingine iko mkononi, abiria anapiga kelele. Mmoja anaacha nafasi kati ya herufi na tarakimu, mwingine haachi. Mmoja anaandika herufi O mahali pa sifuri. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akiandika jina lake, kila siku, kwa wiki tatu, na M-Pesa ikipokea pesa yake bila kinyongo. Kwa programu yangu wote hao walikuwa hawajalipa.

Mashine haina haya. Itakuonyesha nambari ya uongo kwa uso mkavu kabisa. Wakenya waliokuwa mbele ya runinga Machi 2013 wanakumbuka idadi ya kura zilizoharibika ilivyopanda katika skrini za kituo cha kujumlishia kura, hadi watu wakaanza kulumbana. IEBC ikaja kueleza kwamba kasoro katika programu ilikuwa inazizidisha kura hizo mara 8. Skrini ilikuwa inang'aa, rangi zilikuwa nzuri, hesabu ndiyo haikuwa.

Jumatano ya wiki ile, katika pitapita zangu, nikafungua kumbukumbu za seva. Nikaona mistari mia mbili na zaidi ya malipo yaliyotupwa. Tumbo likanikatika.

Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Ningechukua simu nimwambie mama, "Kuna shida, kosa ni langu, usikubali mtu akulaumu." Dakika mbili tu. Nilichofanya ni kuzima simu, nikaandaa chai ya rangi, nikaanza kurekebisha kimyakimya nikijiambia kwamba nikimaliza kabla ya Jumapili hakuna atakayejua. Alhamisi ikapita. Ijumaa nikarekebisha ile ya nafasi na herufi ndogo, lakini malipo ya nyuma yalikuwa yametupwa na hayakuwa kwenye hifadhidata yangu. Jumamosi mama alinipigia mara tatu. Sikushika.

Aibu niliyokuwa naikwepa ilikuwa ya kwangu mimi, na aliyeibeba mbele ya watu 140 ni mwanamke aliyekuwa ananiita mwanangu.

Pale kwenye kreti nilisimama. Sauti ilinikwama, lakini nikasema. Pesa zote ziko kwa akaunti ya Paybill, hakuna iliyoguswa, apu ndiyo ilishindwa kuzitambua, kosa ni langu, na nimejua tangu Jumatano. Hiyo ya Jumatano ndiyo iliyoleta kelele. Kosa la programu walilielewa haraka, wao wenyewe huharibikiwa na injini kila siku. Kilichowachoma ni zile siku nne. Mwenyekiti akavua kofia yake ya kaubói, akainiangalia bila kusema neno, na mimi ningependelea anitusi.

Aliyeniokoa ni mama. Alienda kwenye kioski, akatoa daftari kutoka chini ya mfuko wa unga. Kumbe hakuwa ameacha kuandika. Kila jioni, baada ya apu kuzinduliwa, aliendelea kuuliza kila mwendeshaji amuonyeshe SMS na kunakili. "Sikujua hiyo kitu yako kama ni ya kudumu," akaniambia, bila kejeli.

Tulikaa usiku huo hadi saa saba, mimi, yeye na binamu yangu, chini ya taa ya kioski, taarifa ya Paybill upande mmoja na daftari upande mwingine. Malipo 212 ya wanachama 31. Shilingi 21,200. Zote zilikuwepo, hadi ya mwisho. Asubuhi karatasi ilibandikwa steji ikiwa na majina na tarehe, na juu kabisa, kwa mwandiko wangu, kwamba mweka hazina hakuwa na hatia yoyote. Yule msee wa "kujenga ushago" aliomba msamaha kwa kununua chapati kumi, ambazo sidhani aliweza kuzimaliza.

KUSEMA KABLA YA KUULIZWA

Miezi kadhaa baadaye nilisoma kisa cha GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani. Januari 31, 2017, mhandisi wao mmoja aliyekuwa amechoka usiku alifuta hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilibaki kama 4.5 alipokatiza amri hiyo. Walipokimbilia nakala za akiba wakagundua kwamba njia zao tano za kuhifadhi nakala zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa ama hazikuwahi kuwekwa vizuri. Waliokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla.

Kilichonishika si kosa, ni walichofanya usiku ule ule. Walifungua waraka kwa umma wakaandika kinachoendelea hatua kwa hatua, na wakarusha moja kwa moja kwenye YouTube jinsi walivyokuwa wakijaribu kurejesha mambo. Kampuni yenye wateja wakubwa ilisema "tumeharibu" kabla ya kuulizwa. Nilifikiria zile simu tatu za Jumamosi.

Tangu hapo kila Ijumaa jioni namtumia mteja ujumbe mfupi hata kama hakuna jipya. Kilichoisha, kilichokwama, kinachonitia wasiwasi. Hicho cha tatu ndicho chenye maana. Mwanzoni nilidhani ningeonekana sijui kazi. Kinyume chake, wateja walianza kunitetea kwa wakubwa wao, kwa sababu hawakuwahi kushtukizwa. Habari mbaya ya Ijumaa ya wiki ya pili inajadilika. Ile ile ikija siku ya uzinduzi ni vita.

Na mkataba, jamani. Ukurasa mmoja unatosha. Andika utakachounda, na muhimu zaidi, ambacho hutaunda. Gawanya malipo: sehemu kabla ya kuanza, sehemu mteja akiona kitu kinachofanya kazi kwa simu yake mwenyewe, sehemu ya mwisho ukikabidhi. Kila "kitu kidogo" kinapata mstari wake, bei yake na siku zake. Ukimfanyia kampuni kazi, itakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya kitaalamu na pengine itataka ankara ya eTIMS, kwa hivyo pangia bei ukijua hivyo, usije ukalia mwisho wa mwezi. Marafiki wengi wamegundua KRA ikiwa imechelewa.

INTAVYUU YA STEJI

Nusu mwaka baada ya ule mkutano niliitwa kwa mahojiano ya kazi katika kampuni moja jijini. Nilikuwa nimekariri majibu ya Python hadi usingizini. Swali la tatu likawa: tueleze kazi yako iliyoharibika. Nilitaka kutunga kitu chepesi, kile cha "mimi hujituma kupita kiasi" ambacho kila mtu husema. Nikajikuta nikisimulia chapati, daftari na siku nne. Waliokuwa mezani wakaacha kuandika. Mmoja akauliza, "Na sasa ungefanya nini tofauti Jumatano ile?" Tukaongea dakika ishirini. Python niliulizwa kidogo sana.

Nilipoingia ndani niliona kitu ambacho kwa nje hakionekani. Waliokuwa wakipandishwa ngazi hawakuwa wanaoandika haraka kuliko wengine. Tulikuwa na kijana hatari, kichwa kweli, ila msimbo wake alikuwa akiuelewa yeye na Mungu wake. Akienda likizo, kazi inalala. Mara mbili nafasi ilimpita na alikasirika mno. Aliyeipata ni dada mmoja ambaye kila kitu kikiharibika aliandika ukurasa mmoja: nini kilitokea, kilianza lini, tulikigundua vipi, tunabadilisha nini. Hakuwahi kutaja jina la mtu kwenye karatasi hizo. Watu walianza kumletea makosa yao wenyewe, kabla hayajakua.

Kutoka kwake niliiba tabia ya kuweka faili la kazi. Kila Ijumaa mistari mitatu: nilichofanya, kimemsaidia nani, nilichojifunza. Wakati wa kuzungumzia mshahara ukifika, sisemi "nimefanya kazi kwa bidii", maana hata mlinzi wa getini amefanya kwa bidii. Nasema Machi nilipunguza malalamiko ya wateja kwa kitu fulani, hii hapa. Bila faili, Desemba hukumbuki hata ulichofanya Septemba.

Kwa wanaotafuta mtu wa kuwashika mkono, usimwandikie mtu asiyekujua "nisaidie niingie tech". Hajui aanzie wapi. Muulize swali moja lenye mwisho: nimejaribu hivi, nikapata hivi, nifungue mlango gani? Karibu kila mtu hujibu hilo. Na kama huna kazi ya kuonyesha, kuna programu huria ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ushahidi, iliyozaliwa hapa kwetu Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ni mojawapo. Kusoma msimbo wa watu wengine kwa wiki mbili na kurekebisha maelezo yaliyopitwa na wakati kunakufunza kazi ya pamoja kuliko apu ya kumi ya hali ya hewa.

Najua swali linalofuata, kwa sababu huulizwa kila mara. Na hizi akili unde, kina ChatGPT, hazitatumaliza? Mimi nazitumia kila siku, na sehemu ya msimbo niliyoandika kwa wiki mbili mwaka 2022 leo ningeipata asubuhi moja. Huenda hata ingenionya kuhusu ile nafasi kati ya herufi na tarakimu. Lakini haingejua kwamba kuna mzee anayeandika jina lake mahali pa nambari ya pikipiki, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Hilo lilikuwa steji, saa kumi na mbili jioni, na mtu alihitaji kwenda kusimama pale. Siku hizi huwa naenda kabla sijaandika mstari wa kwanza. Nakula chapati, natazama watu wakilipa, sisemi kitu.

Apu ya chama bado inafanya kazi. Malipo ambayo mfumo hauyatambui hayatupwi tena, yanaingia kwenye orodha ya kusubiri ambayo mweka hazina anaipitia jioni na kubonyeza jina la mwenyewe. Ramani niliiondoa, na hakuna aliyewahi kuuliza ilienda wapi. Mzee wa kuandika jina lake bado anaandika jina lake.

Daftari pia lipo, sasa ni la tatu tangu siku ile. Juzi mama alinipigia nikiwa kwenye matatu, kelele tupu.

"Mwanangu, hujambo? Kuna kitu kidogo tu nataka uniongezee hapo."

Nikamwambia, "Mama, niandikie kwenye karatasi, nipitie hapo Jumamosi tukiangalie pamoja, halafu nikwambie ni siku ngapi na ni pesa ngapi."

Akanyamaza kidogo. "Pesa tena?"

"Pesa, mama."

"Haya," akasema. "Lakini chapati za Jumamosi pia utalipa."